Timu Ndogo Zilizozaa Klabu Kubwa

Mpwa wangu anaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na mapenzi yake ni mpira wa vikapu. Anawajua wachezaji wa Boston Celtics mmoja mmoja, na anajua pia kwamba Celtics wana timu yao ndogo huko Portland, jimbo la Maine, iitwayo Maine Celtics. Mchezaji aliye mbichi hupelekwa Maine. Akiiva huitwa Boston, akilegea hurudishwa. Ligi ya timu ndogo kama hiyo ilianzishwa mwaka 2001 ikiwa na timu nane tu. Leo inaitwa G League, na kila klabu kati ya zile 30 za NBA ina timu yake humo. Mpwa wangu huniuliza kwa nini Nairobi haijawahi kuwa na mpango kama huo.

Humjibu kwamba tuliwahi kuwa nao, tena hapa hapa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, ila katika kandanda. Tofauti ni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kule Marekani klabu kubwa ndiyo mama wa timu ndogo. Kwetu timu ndogo za mitaani ndizo zilizozaa klabu kubwa, zikaimiliki, na klabu hiyo ikawafunga vigogo wa nchi hii. Nayajua hayo kwa sababu nililelewa humo, Huruma, kwanza kama mchezaji na baadaye kama refa.

Kabla ya mpango huo, mpira wa Eastlands ulikuwa shamba lisilo na mwenyewe. Mitaa ya upande huu ilijengwa kwa ajili ya Waafrika waliohitajika mjini kufanya kazi: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo na Ziwani, Kaloleni katika miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano, Makongeni na Muthurwa kwa wafanyakazi wa reli. Nyumba zilikuwa chumba kimoja au viwili, choo na bomba vya kugawana. Kijana hakuwa na pa kukaa ndani, kwa hivyo alikaa uwanjani. Kila mtaa ulikuwa na kiwanja chake cha vumbi na timu yake, na kila timu ilikuwa na mzee mmoja aliyenunua jezi kwa pesa zake na kuzifua mwenyewe.

Klabu kubwa zilipoundwa, Abaluhya mwaka 1964 (ndiyo AFC Leopards ya leo) na Gor Mahia mwaka 1968, zilijua pa kwenda kuvuna. Watu wao walisimama kando ya viwanja vya mitaani na kutazama. Ukitaka kuona jambo hilo likitendeka hata sasa, nenda Ziwani mwisho wa mwaka wakati wa mashindano ya Koth Biro. Mchezaji wa ligi kuu aliye likizoni anacheza bega kwa bega na kijana asiye na njumu, na wasakaji vipaji wamejaa hadi kwenye mstari. Kijana akipatikana, anachukuliwa. Yule mzee wa jezi hupewa mkono na ahsante, pengine na nauli.

Sisemi kwamba klabu zile zilikuwa na nia mbaya. Hapakuwa na karatasi. Timu ya mtaa haikusajiliwa popote, haikuwa na daftari, na mchezaji alikuwa wake kwa mdomo tu. Ndivyo Eastlands ilivyoilisha nchi nzima kwa miaka mingi na yenyewe ikabaki na vumbi lake.

Mathare ilikuwa chini zaidi ya hapo. Bonde la Mathare lilikuwa machimbo ya mawe kabla ya kuwa makao ya watu, na mitaa kama Kaloleni, ambayo angalau ilichorwa na msanifu majengo na kupewa ukumbi wa jamii, ilionekana ya kifahari ukilinganisha. Mabati juu, mabati kando, mtaro wa maji machafu katikati ya vichochoro, na mto uliobeba kila kilichotupwa. Baraza la Jiji halikuzoa taka huko. Watoto walicheza kwenye uwazi wowote uliobaki, na mpira wao ulikuwa wa juala.

Nieleze mpira wa juala unavyotengenezwa, kwa sababu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watoto wengi hawajawahi kuuona. Unaanza na kitambaa au karatasi iliyofinyangwa hadi ikawa ngumu, kiasi cha ngumi ya mtoto. Unaivika juala la kwanza, unalisokota mdomoni, unaligeuza na kulivika tena. Juala la pili, la tatu, la kumi, kila moja likivutwa likaze. Halafu kamba ya katani: unaizungusha huku na huku hadi mpira wote umefunikwa na wavu mdogo wa vifundo. Vifundo ndivyo kazi yenyewe. Vikilegea, mpira unapasuka kwa shuti la kwanza la nguvu. Vikiwa vikubwa mno, mpira unaruka kombo na kumwumiza anayeupiga kwa kichwa. Uliotengenezwa vizuri ulidunda kidogo, na ulidumu wiki nzima hata mvua ikinyesha. Wasichana tulikuwa mafundi wazuri wa vifundo kuliko wavulana, lakini mpira ukimalizika tulifukuzwa uwanjani.

Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa akifanya kazi ya ushauri wa mazingira na maendeleo Nairobi, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza mipira ya namna hiyo. Wakaelewana: wao wasafishe mtaa, yeye asaidie kupata mipira halisi, marefa na ligi. Hapo ndipo ilipozaliwa Mathare Youth Sports Association, ambayo sisi tunaiita MYSA kwa mkato. Kanuni yake tuliikariri kabla hatujajua jedwali la kuzidisha: ukifanya kitu, MYSA nayo inafanya kitu, usipofanya, nayo haifanyi.

Usafi haukuwa hiari wala pambo la kuwafurahisha wafadhili. Ulikuwa sehemu ya ligi. Timu iliyosafisha mtaa ilipata pointi, na pointi hizo ziliingia kwenye jedwali lile lile la ushindi na sare. Jumamosi ya usafi tulifika asubuhi kuchukua reki, sepetu na wilbaro, gamubuti zikiwa chache kuliko miguu. Wakubwa waliingia mtaroni, wadogo walikusanya makaratasi na makopo, na mmoja alisimama na orodha ya majina ili asije mtu saa nne akadai alikuwepo tangu mapema. Taka zilirundikwa barabarani zikisubiri lori. Kina mama walitoka milangoni na kutuonyesha palipoziba. Jioni, kijana wa kamati alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika pointi kwenye manila iliyobandikwa ukutani. Nimewahi kuona timu iliyofungwa uwanjani ikimaliza msimu juu ya timu iliyoifunga, kwa sababu ya mitaro. Hakuna aliyelalamika kuwa si haki. Kila mmoja alikuwa ameshika sepetu, na alijua uzito wake.

Aliyekuwa akiandika ile manila alikuwa kijana kama sisi. Hilo ni jambo ambalo wageni walichelewa kulielewa. Ligi iligawanywa kwa kanda, kila kanda ilikuwa na kamati, na kamati ilichaguliwa na wachezaji kutoka miongoni mwao. Watoto wa miaka kumi na mitano, kumi na sita, walipanga ratiba, walisikiliza rufaa, walimfungia mchezaji aliyempiga mwenzake. Waliojitolea zaidi walipewa tuzo za uongozi, na tuzo yenyewe ilikuwa karo, iliyolipwa moja kwa moja shuleni. Mwaka 1992 mpango huu ulipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo ndipo wasichana tulipofunguliwa ligi yetu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, timu zilikuwa zimezidi 1,000.

Kwa wasichana haikuwa rahisi. Wazazi waliuliza nani atapika, nani atabeba mtoto mdogo. Jibu la wengi wetu lilikuwa kuja uwanjani na mtoto mdogo mgongoni na kumkabidhi aliyekaa benchi. Kutoka ligi hiyo alitokea Doreen Nabwire, aliyeichezea timu ya taifa na kufika Ujerumani, Werder Bremen na FC Köln. Mimi sikuwa na kipaji cha namna hiyo. Nilipewa filimbi, na filimbi ilinifundisha kusema hapana mbele ya wanaume wazima wanaopiga kelele, jambo ambalo limenifaa kazini kuliko cheti chochote.

Sasa nije kwenye ile klabu. Kufikia mwaka 1994, watoto wa 1987 walikuwa wamekua. Walishazuru Norway na kucheza mashindano ya vijana ya Norway Cup mjini Oslo. Walikuwa bora kuliko ligi ya mtaani, na kilichowasubiri kilikuwa kile kile cha siku zote: kuchukuliwa mmoja mmoja na klabu kubwa. MYSA ikaamua kuunda klabu yake, Mathare United. Mwaka 1998, ikiwa bado haijaingia ligi kuu, Mathare United ilitwaa Kombe la Moi. Nakumbuka kelele za usiku ule Huruma. Watu walipiga sufuria. Mwaka 2000 ikalitwaa tena. Na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya, klabu isiyo na kabila nyuma yake, wala benki, wala kambi ya jeshi.

Mtu wa Boston angeshangaa kuona mpangilio wenyewe. Chini palikuwa na mamia ya timu za watoto kwa umri. Juu yake timu za kanda. Kisha Mathare Youth, iliyocheza madaraja ya chini ya ligi ya taifa kama ngazi ya mwisho kabla ya kileleni. Kileleni, Mathare United. Hadi hapo inafanana na Maine na Boston. Lakini mchezaji wa Mathare United, hata aliyekwisha kuitwa timu ya taifa, alidaiwa saa za kujitolea kila mwezi. Alirudi chini kufundisha watoto, kuchezesha mechi zao, kuzungumza nao juu ya Ukimwi. Nimechezesha mechi ya watoto wa chini ya miaka kumi na miwili ambayo mshika kibendera wake alikuwa mtu niliyemwona kwenye televisheni wikendi iliyotangulia. Aliinua kibendera, nikapuliza, na watoto wakamzomea kama wanavyomzomea mshika kibendera yeyote. Alicheka tu.

Huko Marekani kijana wa timu ndogo hutazama juu akingoja simu. Huku aliye juu alilazimika kutazama chini, kwa sababu walio chini ndio waliokuwa wenye klabu. Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi mkubwa wa michezo uliowahi kutoka Nairobi, na haujaandikwa vya kutosha katika lugha ambayo wachezaji wenyewe waliongea uwanjani.

Matunda yake yalionekana mbali. Kenya ilipokwenda Tunisia mwaka 2004 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika chini ya kocha Jacob “Ghost” Mulee, ilishinda mechi kwa mara ya kwanza katika historia ya fainali hizo, 3-0 dhidi ya Burkina Faso, na vijana waliopitia Mathare United walikuwa nguzo ya kikosi, wakiwemo Titus Mulama na Dennis Oliech. Francis Kimanzi, zao la Mathare, akaja kuwa kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars. Na nje ya mpira pia: mwaka 1997 watoto wa MYSA walipewa kamera wapige picha maisha yao, na picha hizo zikawa kitabu kiitwacho Shootback.

Miaka ya karibuni imekuwa migumu. Wafadhili wamepungua, wachezaji wazuri wameondoka, na Mathare United ilishuka daraja kabla ya kurudi ligi kuu mwaka 2024. Viwanja navyo vinaliwa. Kila mkazi wa Eastlands anaweza kukuonyesha ghorofa iliyosimama palipokuwa na goli. Sitaki kupaka rangi nzuri mahali palipobomoka. Lakini klabu iliyoshuka na kurudi bado ni klabu, na mama yake bado yu hai: ligi za watoto zinaendelea.

Nirudi kwa mpwa wangu na mpira wake wa vikapu, kwa sababu huko ndiko pesa zinakoelekea sasa. Mwaka 2023 kampuni ya Twende Sports iliinunua timu ya Thunder, ikaiita Nairobi City Thunder, na mwaka 2024 ikawa bingwa wa Kenya. Mwaka 2025 ikawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya Afrika ya mpira wa vikapu, BAL, inayoendeshwa na NBA pamoja na FIBA. NBA yenyewe imefungua ofisi Nairobi. Ni habari njema, nami nazifurahia. Vijana warefu wa Umoja, Buruburu na Dandora wanaona mlango ambao kaka zao hawakuuona, hata wale walioshangilia Kenya ikimaliza ya nne Afrika hapa hapa Nairobi mwaka 1993.

Ninachoogopa ni kurudi kwa mzee wa jezi. Viwanja vya vikapu vya mitaani vina makocha wa kujitolea wanaowafundisha watoto wakiwa na miaka kumi. Ligi ikinenepa, wasakaji vipaji watasimama kwenye mstari kama walivyosimama Ziwani. Watamchukua kijana, na kocha wa mtaa atapewa mkono na ahsante.

Katika kandanda sheria ipo, na hesabu yake inafaa kujulikana na kila anayelea mchezaji. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Chukua mfano wa Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa, ambaye baba yake Noah aliichezea AFC Leopards na ambaye kaka yake McDonald Mariga alikuwa na Inter Milan iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Mwaka 2013 Victor alihama Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza kwa pauni milioni 12.5, kwa mujibu wa magazeti ya wakati ule. Kwa kanuni hiyo, kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya robo ya asilimia moja ya bei. Robo hiyo ni zaidi ya pauni 31,000. Miaka minne ni pauni 125,000. Hizo ni pesa za kuweka uzio, taa na vyoo kwenye kiwanja, na bado zikabaki za karo. Lakini anayeweza kuzidai ni klabu iliyosajiliwa, yenye kumbukumbu kwamba kijana huyu alikuwa kwao kuanzia mwezi huu hadi mwezi ule.

MYSA ilielewa mapema kwamba daftari ni sehemu ya mchezo. Ile manila ya ukutani, ile orodha ya majina kwenye mtaro, ndizo zilizowafanya watoto wa bonde kuwa wenye klabu badala ya kuwa akiba ya klabu za wengine. Wengi wa waliokuwa kwenye kamati hawakufika ligi kuu, lakini wanajua kuendesha kikao, kuandika kumbukumbu na kusoma mkataba. Wako kila mtaa.

Kwa hivyo ninawaomba ninyi mlio na timu za mtaani, za miguu na za vikapu, kuanzia Kayole hadi Kamukunji: sajilini timu zenu kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na kwa shirikisho la mchezo wenu. Kila mtoto anayeingia, andikeni jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na siku aliyoanza, bandikeni picha yake, na mzazi aweke sahihi. Daftari moja lenye jalada gumu latosha kuanza. Lianzeni Jumamosi hii.